Kurunzi ndogo ya kuchaji kwa ajili ya mawindo: tuchague kwa kigezo gani?

#1 MwanaTegeta

Wakuu, salaam kwenu nyote. Msimu uliopita niliingia porini kwa mara ya kwanza nikiwa na leseni ya jina langu, na siku tatu kabla ya safari nilipita Kariakoo nikanunua kurunzi ndogo ya kuchaji ambayo boksi lake lilidai lumeni 20,000 (kipimo cha mwanga) na betri ya mAh 9,900 (kipimo cha chaji inayobebwa na betri). Usiku wa kwanza niliiwasha kambini ili wenzangu waione, na kwa kweli kwa muda wa dakika moja hivi iliwaka kama taa ya uwanja wa mpira. Baada ya hapo mwanga ukaanza kunywea kama koroboi iliyokaukiwa mafuta. Alfajiri ya pili tuliondoka kambini saa kumi na nusu ili tuwe tumeshatulia mahali petu kabla ya kupambazuka, nayo ikazimika nikiwa katikati ya korongo, ikanibidi nishike mkoba wa aliyenitangulia kama kipofu anayeongozwa. Aliyetuvusha ni mzee mmoja mwenyeji wa kule, mwenye kurunzi ya bati ya betri kubwa tatu, mwanga wake wa manjano kama chai ya rangi, ambayo nina hakika inamzidi umri mwanangu wa kwanza.

Nilipoirudisha dukani, muuzaji alinijibu kwamba vumbi la porini ndilo lililoiua, na kwamba bidhaa ikishatoka haipokelewi tena. Hilo nimelisamehe. Sasa nataka nyingine kabla ya Julai, na safari hii sitaki kuchaguliwa na boksi. Iwe ya kuingia mfuko wa suruali, ichajiwe kwa waya wa Type-C, na iweze kunihudumia siku nne au tano mahali pasipo na umeme. Nimetenga kama laki moja na nusu. Sihitaji kutajiwa jina la kampuni peke yake. Nahitaji kuelewa niangalie nini, kwa sababu jina nalo huchapishwa juu ya kitu chochote.

#2 Fundi wa Gerezani

Pole sana, ndugu. Kurunzi za namna hiyo huletwa mezani kwangu kila wiki, na nyingi hazina ugonjwa wowote, zimezaliwa hivyo. Nitakuandikia kwa urefu kidogo, kwa maana ukishaielewa hesabu moja tu hutadanganywa tena na boksi.

Betri ya mviringo inayotumika katika kurunzi nyingi ndogo huitwa 18650, yaani unene wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Nyingine, nene kidogo, huitwa 21700, yaani milimita 21 kwa 70. Betri halisi ya 18650 iliyo bora hubeba takriban mAh 3,500, na ya 21700 iliyozoeleka hubeba mAh 5,000. Kwa hiyo mtu akikuandikia mAh 9,900 juu ya 18650, amekuandikia hadithi. Chukua sasa hizo mAh 3,500, ambazo ni ampea 3.5 kwa saa, uzizidishe kwa volti 3.6 ambazo ndizo wastani wa betri hiyo. Unapata wati 12.6 kwa saa moja. Hiyo ndiyo mali yote uliyonayo mfukoni. LED nzuri, ukishaondoa kinachopotea kwenye saketi na kwenye kioo, hukupa lumeni 100 hadi 120 kwa kila wati. Maana yake ni kwamba betri yako nzima ina uwezo wa kutoa lumeni 1,300 hadi 1,500 kwa saa moja, ama lumeni 300 kwa saa nne hadi tano, ama lumeni 100 kwa saa kumi na tatu na zaidi. Gawanya utakavyo, lakini mfuko ni ule ule.

Kurunzi ya lumeni 20,000 za kweli ingehitaji wati zaidi ya 160 ndani ya bomba linaloshikwa kwa kiganja kimoja, ingeimaliza betri hiyo ndani ya dakika nne au tano, na kabla ya dakika hizo kuisha ungekuwa umeshaitupa chini kwa jinsi mkono unavyoungua.

Joto ndilo jambo la pili, na ndilo lililokutokea ile dakika ya kwanza kambini. Hata kurunzi ya uaminifu iliyoandikwa lumeni 1,500 au 2,000 haiwezi kuzishikilia, kwa sababu mwili wake ni mdogo na joto halina pa kwenda. Saketi iliyotengenezwa vizuri hulipima joto hilo na kuushusha mwanga taratibu mpaka kiwango ambacho alumini inaweza kukihimili, mara nyingi kati ya lumeni 500 na 800 kwa kurunzi ya ukubwa unaoutaka. Hilo si kasoro, ni busara ya mtengenezaji. Kasoro ni ile saketi isiyopima chochote, ambayo hufuata tu volti ya betri inavyoshuka, na mwisho huiacha betri ikamuliwe mpaka chini ya kiwango ambacho haiwezi tena kuchajiwa kwa usalama.

Kampuni zinazojiheshimu hupima kwa kanuni ya ANSI FL 1, iliyotoka Marekani mwaka 2009, nawe utaiona kwenye boksi kama vijipicha vidogo vya lumeni, mita, saa na tone la maji. Ni kanuni nzuri lakini ina mtego katika kipengele cha saa. Mwanga wa mwanzo hupimwa sekunde 30 baada ya kuwasha, na muda wa kuwaka huhesabiwa mpaka mwanga uporomoke hadi asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Kurunzi inaweza kuanza na lumeni 1,000, ikashuka hadi 300 ndani ya dakika tatu, ikaendelea kujikokota saa nne, na boksi likaandika lumeni 1,000 kwa saa nne pasipo kuvunja kanuni yoyote. Ndiyo sababu mimi husoma mstari wa kiwango cha kati na kuupita ule wa juu kabisa. Ukikuta kurunzi inakupa lumeni 300 hivi kwa saa nne bila kushuka, hiyo ni yako. Ile 1,500 ya mwanzo ichukue kama nyongeza ya muuza mchele.

Sasa kuhusu mita. Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka, ilhali kandela ni ukali wa mwanga katikati, na umbali huhesabiwa kutokana na kandela peke yake. Kanuni ile hukata umbali pale ambapo mwanga umebaki laksi 0.25 (laksi ni kipimo cha mwanga unaokifikia kitu kinachomulikwa), yaani karibu sawa na mbalamwezi ya mwezi mpevu usiku usio na mawingu. Hesabu yake ni rahisi: tafuta kipeuo cha pili cha kandela, kisha zidisha kwa mbili. Kandela 10,000 ni mita 200. Ukitaka mita 400 huhitaji kandela 20,000, unahitaji 40,000, kwa kuwa umbali ukiongezeka maradufu mwanga lazima uongezeke mara nne. Kwa mfano Fenix PD36R, ambayo hutumia betri ya 21700, imeandikwa lumeni 1,600 na mita 283, na ukirudi nyuma kwa hesabu unakuta kandela kama 20,000. Namba zake zinaongea lugha moja. Kumbuka pia kwamba huko mwisho wa umbali ulioandikwa utaona kivuli cha kitu tu. Kukitambua kitu ni nani au nini, hesabu nusu ya umbali huo au chini yake.

#3 Kijana wa Mbagala

Nashukuru kwa darasa, mkuu. Mimi shida yangu ni tofauti kidogo. Nahitaji ya kufunga juu ya bunduki, yenye mwanga mwekundu au kijani, ifike mita 400, kwa ajili ya nguruwe wa usiku. Nimeona wazungu mtandaoni wakifanya hivyo kila siku. Ipi inafaa?

#4 Wakili Mstaafu

Kijana wangu, hapa nakusimamisha kwa nia njema kabla hujapoteza fedha na pengine uhuru wako. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, inakataza kuwinda wakati wa giza na inakataza kutumia taa kwa madhumuni ya kuwinda, isipokuwa kwa idhini ya maandishi ya Mkurugenzi wa Wanyamapori iliyotafutwa na kupatikana mapema. Hao uliowaona mtandaoni wanaishi chini ya sheria za kwao. Katika majimbo mengi ya Marekani nguruwe mwitu huhesabiwa kuwa mnyama mharibifu na huwindwa usiku, na ndiyo sababu soko la kule limejaa taa za kufunga kwenye bunduki. Leseni yako hapa haikupi ruhusa hiyo, hata kama nguruwe wenyewe wamemaliza mihogo ya shangazi yako.

Nimelisema hili kwa sababu linabadilisha swali zima la mleta mada. Kama kurunzi si ya kumulikia mnyama, basi ni ya nini? Ni ya kutoka kambini kabla ya jua, ya kurudi baada ya magharibi, ya kuchuna, ya kusoma ramani, ya kukagua hema kabla ya kulala. Kurunzi ya kazi hizo haihitaji mita 400. Na neno moja la ziada: mwanga mkali unaoyumba yumba juu ya vichaka usiku huonekana kutoka mbali sana, na askari wa doria hawezi kujua kutoka kilima cha pili kwamba unatafuta chupa yako ya maji. Elekeza chini, miguuni.

#5 Mzee wa Nyayo

Nawaamkia wote. Mimi nimefuata nyayo kwa miaka mingi upande wa kusini, kabla sijahamia kwa watoto hapa Kimara, na ninawashukuru Fundi na Wakili kwa kunirahisishia. Nitasema yale ambayo hesabu haiyaoni.

La kwanza ni jicho lako mwenyewe. Jicho la binadamu huchukua nusu saa hivi kulizoea giza barabara, na kulipofua huchukua sekunde moja. Mwindaji anayetoka kambini akiwa amewasha lumeni 1,000 anaona duara moja jeupe mbele yake na nje ya duara hilo hana macho. Mimi hutembea na mwanga mdogo kabisa, lumeni tano, kumi, hata ishirini kama njia ina mawe, na huuelekeza hatua mbili mbele ya miguu. Kwa hiyo, mwanangu wa Tegeta, kabla ya kuuliza kurunzi inawaka kiasi gani ikiwa juu, uliza inashuka kiasi gani ikiwa chini, na uhakikishe kwamba inaweza kuwashwa moja kwa moja katika kiwango hicho cha chini. Nimeziona kurunzi za bei kubwa ambazo kila ukiziwasha huanza na mwako wa juu, kisha ubonyeze mara tatu ukipita kwenye ile ya kumetameta kama taa ya gari la wagonjwa, ndipo ufike kwenye mwanga mdogo. Ukifika huko wanyama wote wa bonde lile wamekwisha kukuaga.

Mwanga mwekundu ni mzuri kwa kulinda jicho lisipofuke, nami sina ugomvi nao ndani ya hema au wakati wa kuandaa vifaa. Lakini una kasoro moja ambayo wauzaji hawaitaji: damu haionekani. Tone la damu juu ya jani, ukilimulika kwa mwekundu, huyeyuka ndani ya mwekundu huo huo, nawe utalipita. Na hapa ndipo ninapotaka nikae kidogo.

Jua letu huzama upesi. Mwezi wa Julai huzama kama saa kumi na mbili na dakika ishirini, na dakika ishirini na kitu baadaye huoni tena uzi wa kiatu chako. Mtu akimpiga mnyama saa kumi na moja na nusu jioni, akaingia kichakani akiwa na jeraha, basi jioni hiyo ina dakika chache mno za kufuata, na chini ya miti minene giza hutangulia. Katika dakika hizo, kabla giza halijafunga, ndipo nimeona kurunzi mbaya ikimdanganya mtu mzima. Mwanga ule mweupe wa kuelekea buluu, unaopendwa kwa sababu unaonekana mkali dukani, huifanya damu kuwa nyeusi kama doa la ukungu kwenye jani au tope lililokauka. Mwanga wenye rangi ya asubuhi, wenye joto kidogo, huitoa damu ikawa nyekundu kama ilivyo. Mjukuu wangu aliniambia kwamba jambo hilo lina kipimo, nami namwachia Fundi aseme.

Giza likishafunga, basi. Unafunga kitambaa kwenye tawi la damu ya mwisho, unaweka alama, unarudi kambini na askari uliyefuatana naye, na mnarejea asubuhi. Niliwahi kuongozana na bwana mmoja aliyenunua taa kubwa akidhani itamruhusu kuendelea na nyati aliyejeruhiwa mpaka saa mbili usiku. Askari alikataa, wakabishana sana, na asubuhi tulipoingia tukakuta nyati amekaa pembeni ya njia yake mwenyewe, ameigeukia, anasubiri, umbali wa hatua kumi na mbili kutoka pale tulipokuwa tumegeukia jioni. Taa ingetusaidia kumwona akija tu.

Neno la mwisho ni macho ya wanyama. Wengi wao, tangu swala hadi fisi na chui, wana kioo nyuma ya jicho kinachorudisha mwanga, na kurunzi ya kawaida tu huyaonyesha kutoka mbali ikiwa umeishika karibu na usawa wa macho yako. Ni msaada mkubwa unapokwenda chooni usiku. Lakini jamii ya nguruwe haina kioo hicho, kwa hiyo kutoona macho yanayong'aa si ushahidi kwamba mbele kuna uwazi.

#6 Mkulima wa Ikwiriri

Shikamoo mzee. Naongeza dogo tu. Huku kwetu tunaopakana na hifadhi, kurunzi kali ya kurusha mbali ina kazi yake halali, nayo ni kumfukuza tembo asiingie shambani, ikifuatana na honi na moshi wa pilipili. Hiyo ni kurunzi nyingine kabisa, ina kichwa kikubwa na haiingii mfukoni, kwa hiyo mleta mada asichanganywe na sifa zake. Na kama anapita vijijini, ajue kwamba dukani kwetu atapata betri ndogo za redio na betri kubwa za zamani, lakini 18650 hataipata, hata akilia.

#7 Fundi wa Gerezani

Shikamoo mzee wa Nyayo, na asante kwa kunitupia mpira. Kipimo anachokisema mjukuu wako ni CRI, ambacho hueleza mwanga unazionyesha rangi kwa uaminifu gani ukilinganishwa na jua, ambalo ni 100. LED nyingi za kawaida zina 70 hivi, na upungufu wao mkubwa uko hasa kwenye wekundu, ndiyo sababu damu inakufa. Tafuta iliyoandikwa CRI 90 na kuendelea. Kipimo cha pili ni Kelvin, kinachoeleza rangi ya mwanga wenyewe: 6,500 ni ule wa buluu, na 4,000 hadi 5,000 ndio mwanga wa asubuhi wa mzee. Utalipia kidogo, kwa sababu LED ya CRI kubwa hutoa lumeni pungufu kwa betri ile ile, na hapo ndipo wengi wanapoikataa dukani. Waache. Jicho hata hivyo halihesabu kama boksi. Mwanga ukiongezwa mara mbili wewe unaona umeongezeka kidogo tu.

Namjibu na mkulima: ni kweli, na ndiyo maana nashauri kurunzi ambayo betri yake inatoka na ni ya kipimo cha kawaida. Zipo kampuni zinazoweka betri ya namna yake peke yake, yenye ncha zilizogeuzwa au isiyochajika nje ya kurunzi hiyo, na zipo zilizofunga betri ndani moja kwa moja. Siku betri hiyo ikifa, umebaki na bomba. Betri ya akiba ya 18650 haifiki gramu 50. Weka mbili kwenye kijisanduku cha plastiki, kamwe zisikae mfukoni pamoja na funguo au sarafu, maana ncha zake zikiunganishwa na chuma utavua suruali mbele za watu.

Kuhusu zile kurunzi za kuvuta kichwa ili mwanga ukusanyike, ambazo mara nyingi zimechorwa P50, P70, P90 na kuendelea kama bei ya nyanya, shida yake kwa porini si uongo wa namba tu. Kila ukivuta kichwa kinanyonya hewa, na hewa ya Agosti huja na vumbi lake. Haiwezi kuzuia maji vilevile. Wewe tafuta IPX7 au IPX8. IPX7 maana yake inavumilia kuzama mita moja kwa nusu saa, nayo inakutosha kwa umande na mto mdogo.

Jinsi ya kupima dukani bila kugombana na mtu: simu nyingi zina kihisi cha mwanga karibu na spika ya sikio, na programu za kusoma laksi ni za bure. Simamisha simu, rudi hatua zilizopimwa mita tano, mulika katikati ya mwanga, soma laksi, zidisha kwa 25. Hiyo ndiyo kandela yako. Simu si maabara, lakini uongo wa mara kumi itaukamata. Betri nayo ipime uzito: 18650 halisi haipungui gramu 43 au 44, na zile feki mara nyingi ni kama gramu 30, kwa sababu ndani wameweka kibetri kidogo na kujazia.

#8 MwanaTegeta

Wakuu, nimerudi na taarifa. Jumamosi niliingia Kariakoo nikiwa na futi ya fundi cherehani na simu. Muuzaji wa kwanza alinitazama kama mtu wa mapato, lakini wa pili, kijana mstaarabu mwenye duka ndani ya korido ndefu yenye giza, aliniruhusu, na mwishowe akawa ananishikia futi mwenyewe.

Nilipima mbili. Ya kwanza ilidai mita 1,000. Kwa hesabu ya Fundi hiyo ni kandela 250,000, yaani simu ilipaswa kusoma laksi 10,000 kwa mita tano. Ilisoma 260. Hiyo ni kandela 6,500, na umbali wake ni kama mita 160. Baada ya dakika kumi ilisoma 90. Ya pili ilidai mita 200 tu, na kwa sababu hiyo ilikuwa imewekwa rafu ya chini kabisa; ilipaswa kusoma 400, ikasoma 370. Kiwango chake cha kati kilisoma 130, na nusu saa baadaye, tulipokuwa tumeshamaliza kahawa na kashata, kilisoma 128. Nilivutiwa na hizo 128 kuliko namba yoyote iliyoandikwa kwenye boksi. Betri yake tuliipeleka kwa jirani anayeuza iliki, mzani ukasema gramu 46.

Ni ya betri ya 18650 inayotoka, CRI 90, Kelvin 5,000, urefu wa sentimita kumi na moja na nusu, ina swichi ya pembeni ambayo ukiibonyeza na kuishikilia inaanza na mwanga mdogo kabisa. Niliilipia laki moja na ishirini pamoja na betri moja ya akiba, na nikapewa risiti ya EFD, ambayo safari hii nimeipiga picha. Nilichoma kidole nyumbani, nikapaka tone la damu kwenye jani la mwembe, nikazima taa za sebuleni. Mzee wa Nyayo, nimekuelewa. Mke wangu hajanielewa.

Limebaki jambo moja linalonitatiza. Nikiichaji kwa chaja ya simu yangu mpya, ambayo ina Type-C pande zote mbili, haiingizi chaji kabisa, taa yake ya kuonyesha haiwaki. Nimeuziwa mbovu?

#9 Fundi wa Gerezani

Hapana, si mbovu. Chaja yenye Type-C pande zote husubiri kwanza kifaa kijitambulishe kupitia vipingamizi viwili vidogo kwenye tundu lake, na watengenezaji wengi wa kurunzi huviacha ili kuokoa senti chache. Tumia waya wenye kichwa cha USB cha zamani cha mstatili upande wa chaja, utaona inawaka nyekundu mara moja. Waya huo huo ndio uuweke kwenye mkoba wa safari, na uujaribu kwenye pawabenki yako kabla ya kuondoka Dar es Salaam, kwa kuwa pawabenki nyingine nazo hutoa chaji kwa tundu moja tu kati ya matundu yake.

Betri moja ya kurunzi yako ni takriban wati 12 kwa saa. Pawabenki ya mAh 10,000 ina wati kama 37 kwa saa, na ukiondoa kinachopotea njiani utaijaza betri hiyo mara mbili kwa uhakika. Kwa matumizi ya mzee, lumeni kumi alfajiri na mia moja jioni, siku tano zako zimetosha hata bila pawabenki.

Ukiwa safarini, legeza kifuniko cha nyuma robo mzunguko ili swichi isijiwashe ndani ya mkoba. Na kwa kuwa unaishi Tegeta, karibu na bahari, futa nyuzi za kifuniko hicho kila mwezi na uzipake grisi ya silikoni kidogo. Chumvi ya hewa yetu huanzia hapo hapo. Usiiache kwenye dashibodi ya gari.

#10 MwanaTegeta

Imewaka nyekundu. Asante sana, mkuu.

#11 Kijana wa Mbagala

Nami nimeghairi ile ya bunduki. Huyo kijana wa korido ndefu yuko upande gani wa Kariakoo, na je, zile za rafu ya chini zimebaki?